Nyanya ananinyima shela, na daftari la parokia linasema mengine

Kwako Mwalimu,

Natumai hujambo. Safu hii nimeisoma kwa muda mrefu nikicheka shida za wenzangu. Leo zamu imenifikia.

Nina miaka 31, nafanya kazi hapa Kisumu, na kwetu ni Kaunti ya Kakamega, upande wa Waisukha. Ninaishi na baba ya mtoto wangu, Mjaluo wa Siaya, Mkatoliki kama mimi. Si kwamba tulitoroshana. Wazee wake walikuja kwetu wakapokelewa vizuri, ng'ombe kadhaa wakaletwa, wengine wakageuzwa pesa, na deni lililobaki linajulikana pande zote mbili. Mtoto ana miaka mitatu. Mwaka huu tumeonelea tuingie kanisani, Jumamosi ya baada ya Krismasi, wakati watu wamerudi nyumbani.

Kikwazo ni nyanya yangu, mama mzazi wa baba. Sote tunamwita Kukhu. Ana miaka 84. Macho yamepungua lakini mdomo uko vilevile. Harusi yake ameisimulia kila Krismasi tangu nikiwa mdogo, na sisi wajukuu tunaweza kuisema pamoja naye kama Salamu Maria. Nikuandikie jinsi anavyoisema.

Ilikuwa mwaka wa 1961. Matangazo yalisomwa Jumapili tatu mfululizo na hakuna aliyesimama kupinga. Siku yenyewe waliamka kabla ya majogoo. Hakuna aliyekula, wala kunywa hata tone la maji tangu saa sita za usiku, kwa sababu ya Komunyo. Walitoka nyumbani kwa miguu hadi misheni, wanawake wakiimba. Shela ilikuwa ndefu, imeazimwa kwa masista, nayo ilikuwa inaburuta nyuma. Nyasi zilikuwa na umande. Upindo ukaanza kuloa, ukashika kishona nguo, ukanyanyuliwa, ukateremshwa, ukashika tena, na walipofika mlangoni mwa kanisa ulikuwa umepata mstari wa udongo mwekundu upana wa vidole vitatu. Hapo Kukhu huonyesha vidole. Padre Mzungu mwenye ndevu aliwavisha maharusi pete kabla hata Misa haijaanza, halafu akawapa watu mgongo akasoma Kilatini mpaka mwisho. Isukuti ilikuja, lakini iliachwa langoni, ngoma haikuruhusiwa ndani. Bwana harusi alivaa koti la kuazima kwa mwalimu wa shule, mikono ilikuwa mirefu ikakunjwa. Baada ya Misa walikunywa chai ya maziwa na mkate kwenye veranda ya misheni, na huo ndio ulikuwa mkate wa kwanza kwa watoto wengi pale. Nyumbani kukachinjwa kuku, na busaa wazee wakanywea nyuma ya nyumba ili katekista asione.

Hadithi tamu, sikatai. Sasa ameigeuza fimbo ya kunichapia.

Mwezi wa Agosti tulikaa kikao cha familia kuhusu harusi. Wajomba wapo, shangazi wapo, baba yupo. Kukhu akasema mbele ya wote, "Shela ni ya msichana. Wewe ni mama ya mtu. Funga kitenge chako, nendeni asubuhi mbarikiwe, mrudi mpike. Mimi niliingia kwa Mungu nikiwa msichana, na wewe ukivaa nyeupe sitakanyaga hapo." Mwalimu, nililia. Baba aliangalia chini. Hakuna aliyemjibu.

Wiki chache baadaye nilienda parokia ya kwetu kuchukua cheti cha ubatizo kwa ajili ya ndoa. Nilikuwa na wazo la kuweka kwenye kijitabu cha Misa ukurasa mmoja wa babu na nyanya, na mwaka wao wa harusi, nikidhani labda hiyo ingemlainisha. Nikamwomba katibu aniangalizie kwenye daftari la ndoa. Alitafuta 1961, hakuna. Akatafuta 1960 na 1962, hakuna. Akaendelea kufunua mpaka akampata babu, marehemu sasa, na Kukhu: Agosti 1970. Mwalimu, baba yangu alizaliwa 1962. Kufikia 1970 walikuwa na watoto wanne! Nikapiga picha ule ukurasa kwa simu.

Kosa ni kwamba nilimwonyesha binamu yangu. Yeye ana lake na Kukhu, kwa sababu Pasaka alimsema mke wake vibaya mbele ya wageni. Nikamtumia ile picha. Sasa anataka kuiweka kwenye grupu ya WhatsApp ya familia, anasema "wacha mzee naye aonje." Mchumba wangu anasema tumwonyeshe padre. Mama, niliyemweleza peke yake, ameniambia nizike jambo hilo kabisa, aibu ya mama mkwe wake ni aibu yake pia.

Mimi moyo umegawanyika. Kuna wakati nasema acha ianguke, ametudanganya miaka yote hii. Kuna wakati nikimwona amekaa kwenye kigoda chake anatafuta miwani nasikia haya. Je, Kukhu ni mwongo? Nimwambie ninayoyajua au ninyamaze? Na shela nivae au niache? Kijitabu nacho kinaenda kuchapishwa mwezi ujao, sijui niandike mwaka gani.

Bibi harusi wa Disemba, Kisumu

*

Mwanangu,

Nianze na binamu yako. Mpigie simu, si kumwandikia, umwambie afute ile picha, nawe ufute yako. Ugomvi wake na nyanya ni halali na una mlango wake: aende na mke wake, wakae chini, waseme yaliyowauma Pasaka. Grupu ya familia haina mlango. Picha ikiingia mle itamfikia shemeji aliye Mombasa, na mkwe aliyeolewa Trans Nzoia, na mtoto wa darasa la saba mwenye simu ya mama yake, na kila mmoja ataongeza chumvi yake. Mzee wa miaka 84 hataisoma. Atasomewa, na yule atakayemsomea utakuwa hukumchagua wewe. Sitamsema katibu wa parokia, najua alitaka kusaidia, ila daftari la ndoa si gazeti. Kuangaliziwa mwaka ni jambo moja. Kupiga picha ukurasa wenye majina ya watu wengine waliooana mwezi huohuo ni jambo lingine.

Mchumba wako naye umwambie padre hana kazi na ule ukurasa. Ni wao walioandika.

Sasa swali lako la kwanza, kwamba Kukhu ni mwongo. Hadithi yako nimeisoma mara kadhaa, na kila nikiisoma naona mambo ambayo wewe, kwa kuisikia tangu utotoni, huwezi kuyaona tena.

Chukua maji. Anasema hakuna aliyekunywa tone tangu saa sita za usiku. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya zamani ya Komunyo, kali kwelikweli. Lakini Papa Pius wa Kumi na Mbili aliilegeza mapema 1953, akasema maji hayavunji mfungo. Mwaka wa 1957 akalegeza zaidi, mfungo ukawa wa saa tatu tu kabla ya Komunyo, na 1964 ukashuka ukawa wa saa moja, kama tulivyo leo. Kwa hiyo mnamo 1961 hakuna aliyelazimika kulala na kiu, sembuse 1970. Wako waliodumu na desturi ya wazazi wao hata baada ya sheria kubadilika, hilo nalijua, ila kijiji kizima kuogopa tone la maji, hata watoto? Hiyo inanukia miaka ya kabla.

Chukua pete. Anasema zilivishwa kabla Misa haijaanza. Ni kweli tupu, kwa utaratibu wa zamani: maharusi walikula kiapo kwanza, wakavishwa pete, ndipo Misa yao ikaanza. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu uliokaa kuanzia 1962 hadi 1965, kiapo kilihamishiwa ndani ya Misa, baada ya Injili na mahubiri, na kitabu kipya cha ibada ya ndoa kilitolewa 1969. Kilatini nacho na padre kuwapa watu mgongo vilikuwa vinaondoka miaka hiyohiyo. Harusi ya Agosti 1970 ingekuwa na sura tofauti kabisa: padre anawatazama, lugha inasikika. Hata isukuti hailali langoni siku hizi, inaingia mpaka karibu na altare na hakuna anayetetemeka. (Na hizo ngoma za kwenu Isukha na Idakho ambazo mapadre wa zamani walizikimbiza, mwaka wa 2014 UNESCO iliziweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Dunia!)

Basi harusi anayoisimulia si ya 1970. Na wala haikai vizuri ndani ya 1961. Inakaa vizuri miaka ya mwanzo ya hamsini au kabla yake, wakati Kukhu alikuwa mtoto wa miaka kumi, kumi na moja.

Halafu kuna ule upindo. Hapo ndipo niliposimamisha chai yangu. Bibi harusi, mwanangu, haoni nyuma ya shela yake. Yeye anatazama mbele, anatazama miguu yake asijikwae, anamtazama mama yake. Anayejua kwamba kishona nguo kimeshika, kwamba kimebanduliwa kikashika tena, kwamba udongo umefika upana wa vidole vitatu, ni yule aliyetembea nyuma ameinama, ameshika kile kitambaa kwa mikono miwili huku akiogopa kukikanyaga. Ni kasichana. Soma tena ulivyoniandikia: shela ilinyanyuliwa, ikateremshwa, na hasemi nani aliyeinyanyua. Soma pia habari za mwanaume. Hadithi nzima, kwa ulivyoiandika, babu yako hatajwi kwa jina. Ni "bwana harusi," mwenye koti lililozidi mikono. Mkate pia, "mkate wa kwanza kwa watoto wengi pale." Bibi harusi ana habari gani na watoto na mkate? Mtoto ndiye anayekumbuka mkate.

Sikuwepo, na siwezi kuapa. Lakini ningekuwa wewe ningeweka uzito kwenye hili: Kukhu aliishika shela ya mtu mwingine. Dada yake mkubwa labda, au shangazi yake, au binti wa jirani. Na siku hiyo ilimwingia mpaka leo.

Je, 1961 ameitoa wapi? Baba yako alizaliwa 1962. Jibu lipo hapo. Mwaka wa 1961 ndio mwaka alioletwa kwa babu yako, ng'ombe wakaenda kwao, wazee wakala, akawashiwa moto jikoni mwa mkwe. Kwa watu wote wa pande hizi hiyo ni ndoa, na hata serikali, kwa Sheria ya Ndoa ya 2014, inaitambua ndoa ya kimila na kutaka isajiliwe. Kwa hiyo akikwambia "niliolewa 1961" hajakudanganya chochote. Ameshona siku tatu zikawa siku moja: siku aliyoona harusi akiwa mtoto, siku aliyoenda kwa mumewe, na siku daftari lilipoandikwa. Wazee wengi hufanya hivyo bila kujua.

Ile miaka tisa katikati ndiyo inayonipa mawazo. Kwa nini 1961 mpaka 1970? Sababu zilikuwa nyingi katika parokia zote za huku, tangu Wamisionari wa Mill Hill walipofungua misheni zao Kisumu, Mumias na Mukumu mwanzoni mwa karne iliyopita. Pengine babu yako hakuwa amebatizwa, na mafundisho ya mtu mzima hayakuwa ya haraka. Pengine ng'ombe hawakuwa wametimia na baba yake Kukhu alikataa kanisa kabla ya deni kuisha, maana wazee walijua ndoa ya kanisani haifunguliki, na mkwe akishaipata anaweza kusahau deni. Wengine, nisiseme babu yako, wanaume walikuwa hawataki kujifungia mlango wa mke wa pili. Sababu yoyote iwe, matokeo ni mamoja: mwanamke aliyebatizwa, anayeishi na mume bila ndoa ya Kanisa, haruhusiwi Komunyo. Miaka tisa. Jumapili watu wanasimama kwenye mistari, yeye amebaki kwenye benchi na mtoto mgongoni, na majirani wanapita magotini pake. Halafu 1970 anaingia kanisani hatimaye, ana watoto wanne. Unadhani alivaa shela?

Mimi nadhani alifunga kitenge, wakaenda asubuhi, wakabarikiwa, wakarudi kupika.

Hayo maneno umeyasikia mahali, sivyo? Ndiyo aliyokuambia wewe kwenye kikao. Inawezekana hakuwa anakutukana. Inawezekana alikuwa anakueleza jinsi mambo yalivyofanywa, na donge lilelile alilomeza yeye akataka nawe ulimeze. Hilo halimpi haki ya kukuliza mbele ya wajomba. Alikukosea, na baba yako alikosea zaidi kwa kuangalia chini. Ila sasa unajua unazungumza na nani.

Kwa hiyo nenda kwake. Wewe, si baba yako. Mtoto wa kiume hamuulizi mama yake habari za ndoa yake, ni mwiko na wote mnajua. Mjukuu anauliza. Nyanya na mjukuu wana utani wao, na maneno ambayo baba yako angelaaniwa kwayo wewe utapigwa kofi la mapenzi begani. Nenda siku ya kawaida, si Jumapili wakati nyumba imejaa. Beba sukari, majani, na mkate, huo mkate usikose. Mchumba abaki Kisumu na mtoto mwende naye.

Usianze na mwaka. Ukianza na mwaka umeshapeleka daftari. Mwombe akusimulie ile harusi tena, acha afike kwenye umande, halafu umuulize kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kukhu, ile shela nani alikuwa ameishika nyuma?" Kisha nyamaza. Usimsaidie jibu. Akisema "ni mimi," basi utakuwa umepata hadithi ambayo hakuna mtoto wa nyumba hiyo amewahi kuisikia: ilikuwa harusi ya nani, huyo bibi harusi aliishia wapi, masista waliidai shela yao lini. Muulize akuruhusu urekodi kwenye simu. Akisema aliishika mtoto fulani, akamtaja jina, sawa, nimekosea mimi na hakuna kilichoharibika. Akikukasirikia, kunywa chai yako, usimfuate nayo. Wengine hujibu baada ya wiki mbili, tena kupitia kwa mtu.

Na kama mazungumzo yatakwenda vizuri, na wewe utaona kama yamekwenda vizuri, mwambie la kwako. Mwambie miaka hii yote mtu anakaa vipi kwenye benchi wakati wenzake wanaenda kupokea. Hilo unalijua kama yeye anavyolijua, na sidhani kuna mwingine katika familia hiyo amewahi kumwambia. Kama anataka kusema ya 1970 atasema mwenyewe wakati huo. Akikuambia, pokea kama habari mpya. Asipokuambia, usimwambie unajua. Siri si yako. Uliikuta kwenye daftari ukitafuta kitu kingine. Hapo mama yako yuko sahihi, ingawa sikubaliani naye kwamba ni aibu. Watu waliokaa pamoja miaka tisa, kisha wakaenda kuweka mambo sawa wakati hakuna aliyewalazimisha, wana aibu gani?

Kuhusu shela: vaa. Hakuna kanuni ya Kanisa inayotaja rangi ya gauni wala inayomnyima mama shela. Watu wanaliita vazi la ubikira, lakini mwulize paroko wako akuonyeshe imeandikwa wapi. Atakachotaka yeye ni cheti cha ubatizo, kipaimara, mafundisho ya ndoa, matangazo, na barua ya parokia ya mwenzako kwamba yuko huru kuoa. Mtoto wenu si kizuizi. Sheria ya Kanisa inasema wazi kwamba mtoto aliyezaliwa kabla anahalalishwa kwa ndoa ya wazazi wake, na nimeona maharusi wengi wakisindikizwa na wanao wameshika maua. Mkitaka, wa kwenu ashike. Ila ningependa, kama mazungumzo yamekwenda vizuri, umwombe Kukhu akuvalishe hiyo shela nyumbani kabla ya kutoka, yeye mwenyewe kwa mikono yake. Macho yake yamepungua, utamwongoza. Akikataa, shangazi akuvalishe na mwende. Kukhu awekewe kiti chake hata hivyo na gari limpitie. Wazee wanaosema hawatakanyaga huwa wamevaa viatu tangu saa kumi na moja asubuhi.

Baba yako naye hajamaliza. Alikuwa kwenye kikao, ni mwenye nyumba, na binti yake alilia. Akutafute, au wewe umtafute, akwambie kwa mdomo wake kwamba harusi ana baraka nayo. Ukishapata hilo, maneno ya kikao yanapoa yenyewe, kwa sababu wajomba huwa wanaangalia baba anasema nini.

Kijitabu: usiandike 1961 wala 1970. Andika majina yao mawili na kwamba walifunga ndoa yao katika parokia hiyo. Ni kweli kwa mwaka wowote. Ukimpata Kukhu akiwa na furaha muulize yeye aweke maneno gani chini ya picha, uyaandike kama alivyoyasema. Kama kuna picha. Harusi nyingi za wakati huo hazikupigwa picha hata moja, na hilo pia huwafanya watu wakumbuke za wenzao.

Jambo moja la parokia, kabla ya kwenda kuchapisha. Nikiwa na picha ya ukurasa ule ningetazama majina ya mashahidi wawili, si tarehe. Kila ndoa ya Kanisa inaandikwa na mashahidi wawili. Picha umeshafuta, natumaini, lakini huenda umeyakumbuka. Kama mmoja wao bado yuko hai kijijini, huyo ndiye wa kumwalika Disemba, akae karibu na Kukhu. Hutahitaji kumweleza kwa nini.

Na angalia tarehe ya cheti chako cha ubatizo. Parokia nyingi hazipokei kilichozidi miezi sita, kwa sababu ndoa hunakiliwa pembeni mwa jina lako kwenye daftari la ubatizo, na padre anataka kujua kwamba mpaka majuzi hapo pembeni palikuwa patupu. Ulikichukua wiki chache baada ya Agosti, kwa hiyo Disemba kitakuwa bado sawa. Cha mwenzako alikichukua lini?

Mwalimu